"Nilipitiwa", na roho juu juu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu ADHD na wasiwasi kwa mtu mzima

Mimi ni fundi cherehani mjini Tanga. Nina miaka 43, na nilijua kwamba nina ADHD nikiwa na miaka 38. Wasiwasi nilikuwa naujua kabla ya hapo, ila sikuwa najua kwamba una jina hospitalini. Maswali haya ndiyo ninayoulizwa na wateja, na ndugu, na watu ninaokaa nao benchi moja siku ya kliniki. Mimi si daktari. Ya dawa nimeyaeleza kama nilivyoelekezwa na nilivyosoma, na mwenye kauli ya mwisho juu ya mwili wako ni daktari aliyekupima.

ADHD ni kitu gani hasa?

Kwa Kiswahili wengi husema ni upungufu wa umakini na kushindwa kutulia. Jina hilo linapotosha kidogo. Mimi naweza kushona shanga kwenye gauni la bi harusi kuanzia isha hadi alfajiri bila kunyanyuka kwenye kiti. Lakini fomu ya ukurasa mmoja ya kuhuisha leseni ya biashara ilikaa mezani kwangu miezi mitatu, na kila siku niliiona. Umakini ninao, ila siuamrishi uende wapi wala saa ngapi.

Madaktari hueleza kwamba ubongo wa mwenye ADHD hautumii vizuri dopamini na noradrenalini, kemikali zinazosaidia kuanza jambo, kulishikilia kichwani na kulimaliza. Kwa mtu mzima ile kukimbiakimbia ya mtoto mara nyingi huwa imepungua, au imehamia ndani: mguu unaotikisika chini ya meza, kichwa kisicholala, mdomo unaokatiza wenzako maneno. Kinachobaki kwa nguvu ni kusahau, kuahirisha na kuacha mambo nusu.

Kiswahili kina neno lake, nalo ni "nilipitiwa". Kila mtu hupitiwa. Mwenye ADHD hupitiwa kila siku, tangu utotoni, nyumbani na kazini, mpaka hasara ionekane.

Si ugonjwa wa watoto huo? Au mambo ya Wazungu wa siku hizi?

Daktari Alexander Crichton wa Uskoti aliandika juu ya watu wasioweza kushikilia umakini mwaka 1798. George Still alitoa mihadhara London juu ya watoto wa aina hii mwaka 1902. Kwa hiyo ya siku hizi si kweli. Ya watoto tu pia si kweli: makadirio yanayotumika sana ni kwamba watu wazima wapatao 2.5 katika kila 100 wanayo. Na katika mwongozo mpya wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani, ulioanza kutumika mwaka 2022, hali hii imo kwa jina hilihili.

Pia ni ya kurithi kwa kiasi kikubwa sana. Tafiti za mapacha huweka mchango wa urithi karibu asilimia 74. Nilipoambiwa hivyo nilimkumbuka marehemu baba. Alikuwa fundi baiskeli, mikono ya dhahabu, na uani kwetu hazikukosa baiskeli sita saba zilizofunguliwa nusu. Watu walimwita mzembe hadi anaingia kaburini. Hilo bado linaniuma.

Mbona shuleni hakuna aliyeniona?

Kwa sababu walimu huona mtoto anayeruka madirisha. Msichana anayetazama nje ya dirisha kimya kimya hapigiwi kengele. Ripoti zangu za shule ninazo mbili, na zote zimeandikwa karibu maneno yaleyale: ana uwezo ila hajitumi. Kama umewahi kuandikiwa hivyo mwaka hadi mwaka, tunza hizo karatasi. Zitakuja kukusaidia.

Wasiwasi unaingiaje hapo?

Hili ndilo swali ninalotaka ulisome hata kama mengine utayaruka.

Fundi anaishi kwa ahadi. Mteja anakuja Shaabani, mwezi wa kabla ya Ramadhani, na kitambaa, anauliza, "Nguo itakuwa tayari lini?" Mimi bila kuangalia chochote namjibu, "Njoo wiki ijayo." Sisemi uongo, wakati ule naamini kabisa. Wiki ijayo kitambaa kiko palepale kwenye mfuko, hata mkasi hakijaonja. Mteja anapiga simu. Naiangalia simu inavyoita na mikono inatoka jasho. Siipokei. Kesho yake nabadilisha njia ya kwenda sokoni ili nisipite mlangoni kwake.

Ukiishi hivyo miaka ishirini, mwili unajifunza kuogopa. Unajifunza kwamba kila simu ni lawama, kila hodi ni deni, kila ukimya kuna kitu umesahau. Na mara nyingi kweli kuna kitu umesahau! Ndiyo maana kumwambia mtu kama huyu "acha wasiwasi" hakumsaidii. Wasiwasi wake una ushahidi.

Halafu kuna jambo ambalo hakuna aliyeniambia, nililigundua mwenyewe. Ile hofu ndiyo iliyokuwa ikinishonea nguo. Kuanzia kumi la mwisho la Ramadhani, roho ikishapanda juu kabisa, ndipo mkono ulipoanza kwenda. Nilishona usiku kucha, nikala daku kwenye kiti cha cherehani, na asubuhi ya Idi watu wakavaa. Nilidhani hiyo ndiyo namna yangu ya kufanya kazi. Kumbe nilikuwa naendesha maisha kwa mafuta ya hofu.

Mwaka mmoja moyo ukaanza kwenda mbio hata nikiwa nimelala. Nikadhani ni ugonjwa wa moyo. Kipimo cha umeme wa moyo kikaonyesha uko salama, nikapelekwa kliniki ya afya ya akili, nikaanzishiwa dawa ya wasiwasi. Baada ya wiki tano hivi kifua kilitulia, nikalala. Nikamshukuru Mungu. Mwezi uliofuata nikagundua sijamaliza hata nguo moja. Nilirudi kwa daktari nikamwambia, "Hofu imeondoka, na kazi imeondoka nayo." Aliweka kalamu chini, akaniuliza, "Ulipokuwa darasa la tatu, ulikuwaje?" Hapo ndipo ADHD ilipoanza kuonekana.

Siko peke yangu. Katika uchunguzi mkubwa wa kitaifa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2006, karibu nusu ya watu wazima wenye ADHD, asilimia 47, walikuwa pia na ugonjwa wa wasiwasi wa aina fulani.

Nitajuaje kama langu ni wasiwasi tu, au ADHD, au yote mawili?

Kujipima kwa kusoma hakutoshi, lakini kuna la kujiuliza. Wasiwasi huwa na jambo: ada, homa ya mtoto, maneno ya bosi. Jambo likiisha, au ukiwa umetulia kweli, umakini hurudi. ADHD huja hata kwenye raha. Uko harusini kwa rafiki yako, huna deni wala ugomvi, na bado hukusikia nusu ya aliyoyasema mtu uliyekaa naye meza moja. Swali la pili ni la umri. Wasiwasi unaweza kuanza ukiwa na miaka 30. ADHD haianzi ukubwani, hugunduliwa ukubwani.

Tahadhari ya lugha: tukisema "nina mawazo" tunaweza kumaanisha huzuni, hofu au msongo wowote. Mwambie daktari kinachotokea mwilini na kazini, usiishie kwenye neno mawazo. Na pwani wasiwasi una maana nyingine tena, ya mtu anayerudia udhu mara tano sita kwa kuona haujatimia, au anayerudi kufunga mlango alioufunga. Huo ni ugonjwa tofauti wenye tiba yake tofauti, kwa hiyo ueleze ulivyo.

Wanapimaje? Kuna kipimo cha damu?

Hakuna kipimo cha damu wala picha ya ubongo inayothibitisha ADHD. Damu hupimwa ili kuondoa mengine yanayofanana nayo, hasa tezi ya thairoidi na upungufu wa damu. Kinachobaki ni mazungumzo marefu. Kwa mwongozo wa Marekani wa magonjwa ya akili wa mwaka 2013, mtu wa miaka 17 na kuendelea anatakiwa awe na angalau dalili tano za kutozingatia, au tano za kutotulia. Baadhi ziwe zilionekana kabla ya miaka 12. Na ziwe zinamsumbua sehemu zaidi ya moja, si kazini tu.

Upo pia mtihani mfupi wa kujijaza uliotengenezwa kwa ushirikiano na Shirika la Afya Duniani, wenye maswali 18, na sita ya mwanzo ndiyo yanayobeba uzito. Kwa wasiwasi hutumika mwingine wa maswali saba, alama 0 hadi 21. Hayo ni ya kuchuja. Kupata alama nyingi hakumaanishi umeshapewa jina la ugonjwa.

Nianzie wapi?

Anzia hospitali ya mkoa, uliza kliniki ya afya ya akili ni siku gani. Nyingi zina siku maalumu kwa wiki. Tanzania, Muhimbili ina idara yake Dar es Salaam, na Mirembe iko Dodoma. Unguja ni Kidongo Chekundu. Kenya, Mathari iko Nairobi. Najua majina hayo yanatisha, kwani tumekua tukitishana nayo utotoni. Mimi mara ya kwanza nilijifunika mtandio hadi machoni. Benchi lilikuwa limejaa: mwalimu, dereva wa lori, mama na kichanga chake, kijana wa chuo. Hakuna aliyenitazama.

Muulize daktari mapema kama amewahi kutibu ADHD ya watu wazima. Swali hilo si utovu wa adabu. Wengine watakwambia kweli kwamba hawana uzoefu nayo na watakuelekeza kwa mwenzao.

Dawa zinasaidia? Zitanibadilisha?

Za ADHD ziko makundi mawili. Kundi la kwanza ni vichangamshi, inayojulikana zaidi ni methilfenideti. Hufanya kazi siku hiyohiyo na huisha siku hiyohiyo. Kabla ya kuandikiwa unapimwa presha na mapigo ya moyo. Maudhi yake madogo madogo ni kukosa hamu ya kula, kinywa kukauka, usingizi kukimbia ukimeza jioni. Kundi la pili si vichangamshi; atomoksetini ni mfano, nayo huchukua wiki kadhaa kabla hujaona kitu.

Watu wenye wasiwasi huogopa vichangamshi, na si bure, maana kuna ambao moyo huzidi kwenda mbio. Kuna wengine hofu hupungua, kwa sababu kazi zinamalizika na simu za lawama zinapungua. Huwezi kujua uko upande gani kabla ya kuanza kwa dozi ndogo chini ya daktari.

Za wasiwasi zinazotumika sana ni kama sertralini na fluoksetini. Hizo zinataka subira ya wiki nne hadi sita, na siku za mwanzo wasiwasi unaweza kupanda kidogo. Wengi huacha hapo. Ukiona hivyo mpigie daktari kabla ya kuacha, na usikatishe ghafla dawa uliyoizoea. Mtajie pia kila unachomeza: fluoksetini, kwa mfano, huzuia mwili kuivunja atomoksetini, kiwango kikapanda kwenye damu.

Kupatikana ni tatizo la kweli. Methilfenideti haiuzwi bila cheti cha daktari, na hata ukiwa nacho si kila famasi inayo. Maombi ya kuiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani yalikataliwa mwaka 2019 na tena 2021, na orodha hiyo ndiyo nchi nyingi huitazama zinapopanga za kwao. Mimi naona ni uamuzi uliotusahau sisi. Kama dawa ilikuwepo mwezi huu, usingoje kidonge cha mwisho ndipo uulize ya mwezi ujao.

Na Ramadhani? Zungumza na daktari wiki chache kabla. Dawa ya mara moja kwa siku mara nyingi hupangwa daku au futari. Ikishindikana, mgonjwa ana ruhusa yake katika dini.

Kubadilika sijabadilika. Bado naongea sana. Ila naweza kukaa na kitambaa kimoja mpaka pindo.

Mirungi inanituliza na kunifanya nifanye kazi. Si ni kitu kilekile?

Nimeulizwa hili na madereva zaidi ya mmoja, na naelewa linatoka wapi. Ndani ya mirungi kuna kathinoni, kichangamshi cha ukoo mmoja na amfetamini. Kwa hiyo ni kweli unajisikia umekaa sawa. Lakini dozi huijui, usingizi unapotea, na ikishaisha wasiwasi unarudi na riba. Mwambie daktari wazi kwamba unatafuna. Atakuelewa zaidi kuliko unavyodhani. Kahawa chungu ni hadithi hiyohiyo kwa udogo: kikombe cha asubuhi hakina neno, cha tano baada ya magharibi ndicho kinachokufanya usikie moyo kitandani.

Kuhusu Valium: hutuliza haraka, na ndiyo ubaya wake. Mwili huizoea ndani ya wiki chache, na kuiacha kunakuwa kazi nyingine. Usiimeze kwa ushauri wa jirani.

Nafanya kazi Muscat au Dubai. Naweza kusafiri na dawa zangu?

Uliza kabla ya kukata tiketi. Methilfenideti imo kwenye mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971 wa dawa zinazodhibitiwa, na nchi za Ghuba ni kali. Emirati inataka kibali. Beba dawa ndani ya boksi lake, na cheti cha daktari kinachotaja jina lako kama lilivyo kwenye pasipoti.

Bila dawa, au pamoja nazo, nifanye nini kila siku?

Iweke kazi mahali macho yanapofika. Kitu nisichokiona, kwangu hakipo.

Ukutani kwangu nimefunga kamba ya kuanikia yenye sehemu sita, Jumatatu hadi Jumamosi. Kila kitambaa kiko kwenye mfuko unaoonyesha ndani, umebanwa kwa kibanio cha nguo chini ya siku yake, na karatasi imechomwa pini. Zamani niliandika "gauni la mama fulani". Sasa naandika hatua inayofuata tu: "kata mikono", au "tia zipu". Gauni zima linanitisha nikaenda kupika chai. Zipu hainitishi. Kila siku ina vibanio vitatu, na vikijaa, siku imejaa. Mteja akiuliza lini, simjibu kwa mdomo. Nageuka natazama kamba.

Pili, usifanye kazi ngumu peke yako. Jirani yangu huja na ungo wake wa mchele barazani, anachagua mchele, mimi nakata. Hatuongei sana. Akiwepo, mkasi unakwenda. Bibi zetu walichagua mchele na kusuka ukili pamoja, na nadhani walikuwa wanajua kitu.

Tatu, saa. Simu zetu zinahesabu kwa namna moja na vichwa vyetu kwa nyingine. Niliwahi kutega kengele saa 3:00 kwa ajili ya mteja wa saa tatu asubuhi. Ikaniamsha saa tisa usiku, na asubuhi nikapitiwa. Sasa naandika kwenye kengele yenyewe: "9:00, saa tatu asubuhi, mteja wa kanzu".

Nne, pesa. Nikienda Dar, Kariakoo, kununua zipu kumi na mbili, nilikuwa narudi na majora manne ya kitambaa yasiyo na mwenyewe. Siku hizi naenda na fedha ya zipu na nauli, na simu ya malipo namwachia mdogo wangu. Kikoba kinanifaa kuliko kibubu, kwa sababu kuna watu wananisubiri.

Na kuna tiba ya mazungumzo, ile ya kuzikagua fikra na kubadili tabia kidogo kidogo. Inasaidia wasiwasi, na ipo iliyotengenezwa kwa ADHD ya watu wazima. Mwanasaikolojia wangu alinipa zoezi moja: nipokee simu moja ninayoiogopa kila siku, kabla ya adhuhuri. Wiki ya kwanza nililia mara mbili.

Niwaambie watu?

Si lazima utaje ugonjwa. Unaweza kutaja unachohitaji. Kuna mama mmoja mtu mzima, mteja wangu wa miaka mingi, niliyemkimbia kwa muda mrefu. Siku nilipopokea simu yake alisema, "Mwanangu, nguo yangu vipi?" Nikamwambia, "Shikamoo mama. Nguo haijakatwa. Nilikuwa naona aibu kukwambia." Akakaa kimya, kisha akasema, "Marahaba. Sasa mbona hukusema? Ningeleta mapema ya Idi kubwa." Nguo yake aliipata baada ya siku nne, na bado ni mteja.

Kazini kwa kuajiriwa, pima kwanza. Mwajiri mmoja atakupangia meza tulivu, mwingine atalifanya neno la kukusema. Anza na ombi: maelekezo kwa maandishi, au tarehe za katikati kabla ya tarehe ya mwisho.

Wazee wanasema ni jini au kijicho.

Usigombane nao. Mimi nilisomewa, na nilitulia kwa kusomewa. Dua haigombani na kidonge. Ninachokataa ni kuambiwa niache dawa, au nifungwe, au nipigwe. Hapo simama, na mtafute ndugu mmoja anayeheshimiwa asimame nawe.

Ni mume wangu mwenye hali hii. Nimsaidieje bila kuwa mama yake?

Jambo moja kwa wakati mmoja, na liandikwe. Maagizo matatu mlangoni mawili yatapotea. Usimfanyie yote, gawaneni: yeye achukue yanayotaka wepesi, wewe yanayotaka kumbukumbu. Nawe uwe na mtu wako wa kumwambia uchovu wako, maana ni uchovu wa kweli.

Wakati mwingine naona heri nisingekuwepo.

Mwambie mtu leo, si kesho, na usikae peke yako usiku huu. Nenda hospitali iliyo karibu, sehemu ya dharura, useme maneno hayohayo. Nimewahi kuyasema. Nilipewa kiti na maji, na daktari akaja.

Kesho nina miadi. Niende na nini?

Ripoti za shule kama zipo. Mtu aliyekujua ukiwa mdogo, au namba yake. Karatasi yenye mambo matano yaliyoharibika mwaka huu kwa kupitiwa, na tarehe zake ukizikumbuka. Dawa zote unazomeza, pamoja na za kienyeji, ndani ya mfuko mmoja. Ulivyolala wiki hii. Kunywa chai kabla ya kutoka, kwa sababu foleni ni ndefu. Ukiingia, usianze na "sijambo". Na ukipewa tarehe ya kurudi, iingize kwenye simu ukiwa bado umekaa kwenye kiti cha daktari, saa ya Kiswahili na ya simu zote mbili.